Injini ya Mashua Inapopata Moto Kupita Kiasi

Mashauri kwa wakulima wanaopeleka mazao yao kwa njia ya ziwa

Mkulima mwenzangu,

Labda utastaajabu kuona Bwana Shamba akikuandikia habari za injini ya mashua, badala ya kukushauri juu ya pamba, muhogo au samadi. Lakini fikiri kidogo. Kazi ya mkulima haiishi siku ya kuvuna, maana zao lisilofika sokoni ni sawa na zao lililoliwa na nyani. Ninyi mkaao Nkome, Nungwe na penginepo katika ukingo wa ziwa upande wa Geita mwajua vema jinsi mananasi, nyanya, viazi vitamu na makopa yanavyopakiwa katika mashua na kupelekwa visiwani, ambako wavuvi ni wengi na mashamba ni haba. Mali hiyo yote, pamoja na roho za watu waliomo, hutegemea injini moja ndogo iliyofungwa nyuma ya chombo. Injini hiyo ikifa katikati ya maji, jasho la miezi mingi huelea bila mwenyewe kujua litatua wapi.

Nawe mkaaji wa Kishapu, Shinyanga au Kahama, usiye na ziwa mlangoni pako, usiiweke karatasi hii kando. Ikiwa mashine ya kusaga ya kijijini kwako ni ya dizeli, ile inayopozwa kwa pipa la maji, basi ni ndugu wa injini ya mashua kwa jambo hili moja: maji yakikosa kupita, chuma huungua. Anayeielewa moja ataielewa na ya pili.

KOSA LANGU MWENYEWE

Sitaki kukushauri kama mtu asiyeonja hasara. Mwaka mmoja, mvua za vuli zilipoanza, nilikuwa nikipeleka kisiwani mafungu ya vipando vya muhogo vya aina inayovumilia batobato na michirizi ya kahawia. Wakulima wa kule walikuwa wamekwisha kutifua matuta, wakavingoja. Nahodha wetu alikuwa kijana mwenye injini ya nguvu za farasi 15, tena injini ndiyo iliyokuwa shamba lake, maana hakuwa na mali nyingine. Abiria mwingine alikuwa mama mmoja mwenye magunia mawili ya makopa.

Nahodha alitaka kuyaweka mafungu yangu katikati ya chombo. Mimi nilikataa. Nilihofu petroli isije ikamwagikia vipando, nikaamuru vyote viwekwe mbele, na magunia ya mama yapangwe hapo hapo. Nia yangu ilikuwa njema, lakini chombo kiliinama pua, na sehemu ya nyuma ikainuka. Tukaondoka hivyo, tukapita kando ya bonge kubwa la gugu maji lililokuwa likielea.

Baada ya muda kijana aligeuka, akatazama nyuma ya injini, kisha akasema, "Bwana Shamba, injini haitemi maji sawasawa."

Nikamwuliza, "Je, inakwenda?"

"Inakwenda."

"Basi twende, mwanangu. Jua halitungoji, na vipando hivi vinanyauka."

Kijana alinitii kwa kuwa nilikuwa mkubwa wake kwa umri, tena nilikuwa mwalimu. Haukupita muda mrefu mama akasema, "Mwalimu, mbona nasikia harufu ya rangi inayoungua?" Kabla sijamjibu injini ililia kwa sauti kali, ikasimama. Kijana alivuta kamba ya kuwashia, nayo haikuvutika hata kidogo.

Ulikuwa wakati wa alasiri, na upepo ulikuwa ukivuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Upepo huo, pamoja na kasia moja tuliyokuwa nayo, ndio uliotuokoa. Tulitupwa katika matete, mbali na bandari tuliyotoka, giza likiingia. Vipando vilikaa siku mbili juani kabla ya kupata chombo kingine, na vingi vilikuwa vimekauka. Makopa ya mama yalilowa. Fundi alipoifungua injini alikuta pistoni imeng'ang'ania ndani ya silinda. Na katika matundu ya kunyonyea maji alitoa mizizi ya gugu maji iliyosokotana na kipande cha wavu wa nailoni. Takataka ile yote ilienea kiganjani mwake. Vidole viwili vingaliweza kuiondoa kabla ya kuharibika kitu.

Nilichangia gharama ya matengenezo, lakini msimu wa kijana yule ulikuwa umekwisha kupotea. Hakunilaumu. Ndiyo maana naandika karatasi hii.

NAMNA MAJI YANAVYOPOZA INJINI

Injini za kufunga nyuma ya mashua si jambo la jana. Ole Evinrude, fundi mzaliwa wa Norway aliyeishi katika mji wa Milwaukee huko Marekani, ni mmoja wa watu wa kwanza waliozieneza, na aliunda kampuni ya kuziuza mwaka 1909. Tangu siku zile hata leo, injini nyingi za namna hii hupozwa kwa maji yale yale ambayo chombo kinaelea juu yake. Hazina rejeta kama motokaa. Ziwa lenyewe ndilo rejeta yao.

Tazama sehemu ya chini ya injini, ile inayozama. Juu kidogo na mbele ya rafadha, yaani lile panga linalozunguka na kusukuma maji, utaona matundu madogo au chujio pande mbili. Hapo ndipo maji yanapoingia. Ndani yake, juu ya kisanduku cha gia, imo pampu yenye gurudumu dogo la mpira lenye mapezi, ambalo mafundi huliita impela. Shafti ya injini ikizunguka, impela nayo huzunguka, ikayapandisha maji kwa mrija mwembamba hadi juu penye silinda. Maji huzunguka silinda, hubeba joto, kisha hushuka na kutoka pamoja na moshi. Sehemu ndogo ya maji hayo hutolewa kwa tundu dogo nyuma ya injini, nayo huruka kama uzi wa maji.

Uzi huo hautoki bure. Umewekwa ili mwenye injini ajue kwamba maji yanapanda. Ni ulimi wa injini. Injini haina neno jingine la kukuambia kwamba ina kiu, isipokuwa zile kubwa zilizowekewa king'ora. Basi yakupasa kuutazama uzi huo mara tu unapowasha, na kuutazama tena na tena njiani, kama mchungaji anavyogeuka kuhesabu ng'ombe wake.

DALILI ZA MOTO KUPITA KIASI

1. Uzi wa maji unakuwa mwembamba, unakatikakatika, au unakoma kabisa.
2. Badala ya maji hutoka mvuke, au maji ya moto yasiyovumilika mkononi.
3. Injini inapungua nguvu ingawa hukugusa mwendo, kama mtu anayepanda mlima.
4. Kunasikika harufu ya rangi au mpira unaoungua.
5. Sauti inabadilika na kuwa ya kugonga chuma juu ya chuma.

Dalili ya kwanza huonekana mapema, wakati ambapo dawa yake haina gharama. Ya tano ikifika, mara nyingi hasara imekwisha kuingia. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Usingoje mpaka unyeshewe.

LA KUFANYA MKIWA BADO MAJINI

Uzi wa maji ukipungua, fuata mambo haya kwa taratibu yake, wala usiruke hata moja.

Kwanza, punguza mwendo mpaka wa chini kabisa. Kama injini yako ina gia ya kurudi nyuma, iweke gia hiyo kitambo kidogo. Mara nyingi jani au karatasi ya nailoni iliyobandika juu ya matundu hujitoa yenyewe, na maji hurudi.

Pili, kama maji hayakurudi mara moja, au ukiona mvuke, zima injini papo hapo. Usiseme, "Bado kidogo tutafika." Injini inayokosa maji huharibika kwa dakika chache.

Tatu, geuza pua ya chombo ielekee mawimbi, ukitumia kasia. Kama kina kinaruhusu, tupa nanga. Chombo kilichopakia kikikaa ubavu kwa mawimbi huingiwa na maji.

Nne, inua injini juu, ukatazame matundu ya maji na rafadha. Ondoa majani, matope na nyuzi za nyavu. Usipeleke mkono penye rafadha kabla injini haijazimwa kabisa.

Tano, ingiza unyasi mgumu au waya laini katika tundu la kutemea maji. Pengine injini yako haina kiu hata kidogo, ila ulimi wake umezibwa na mchanga au na kiota cha mdudu.

Sita, ngoja injini ipoe. Usiimwagie maji ya baridi ikiwa ingali ya moto. Najua wengi hufanya hivyo, tena kwa nia njema. Lakini chuma chenye moto kikipozwa ghafula hupinda au hupasuka, kama chungu kilichotoka motoni kikatiwa maji. Wala usifungue plagi wakati huo, maana uzi wa skrubu katika bati la silinda ni laini kwa joto nao huchubuka. Subiri muda wa nusu saa.

Saba, injini ikipoa, vuta kamba pole pole bila kuwasha. Ikizunguka kwa wepesi, washa, ukatazame uzi wa maji. Ukiona maji yanatoka vizuri, nenda kwa mwendo mdogo hadi ufukoni. Kamba ikikataa kuvutika, usiilazimishe kwa nguvu za watu wawili. Chukueni makasia.

KUTAFUTA CHANZO MKIFIKA UFUKONI

Watu wengi, injini ikipata moto, hukimbilia kufungua juu penye silinda. Huko ni kuanza safari kutoka mwisho. Anzia nje ukielekea ndani, na anzia jambo lisilo na gharama ukielekea lenye gharama.

Matundu ya maji. Haya ndiyo ya kutazamwa kwanza daima. Vitabu vingi vya injini huonya juu ya chumvi ya bahari, ambayo huganda katika njia za maji. Ziwa letu halina chumvi hiyo, lakini lina adui zake: tope, mchanga, vipande vya nyavu na gugu maji. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini, nao ulianza kuonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Mizizi yake ni kama nywele, hupenya katika chujio na kusokotana humo. Tena, ijapokuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Tanzania tangu 1 Juni 2019, vipande vya plastiki na nailoni havijatoweka majini.

Urefu wa injini. Tazama lile bati pana lililo juu ya rafadha. Yafaa liwe sawa na sehemu ya chini ya chombo, au lishuke kidogo kuliko hapo. Likiwa juu sana, matundu hunyonya hewa badala ya maji kila wimbi likipita.

Impela. Ikiwa matundu ni safi, tundu la kutemea ni wazi, na injini imezama vema, lakini maji hayatoki, basi impela ndiyo ya kushukiwa. Mpira huchakaa. Mchanga huusaga, na kukaa muda mrefu bila kazi huyapinda mapezi yake yakabaki yamelala. Tena kuna desturi moja mbaya mno: kuiwasha injini juu ya nchi kavu ili kumwonyesha mnunuzi, au kuisikiliza sauti. Impela hulainishwa kwa maji yale yale inayoyapandisha. Ikizunguka kavu, hata kwa muda mfupi, mpira huungua. Ukitaka kujaribu injini nchi kavu, itie katika pipa lenye maji yanayofunika matundu, mahali penye hewa. Ivue rafadha kwanza, wala usiiweke katika gia.

Kubadili impela ni kazi ya fundi, ila simama karibu uone. Kwanza, kama pezi lolote limekatika, kipande chake lazima kitafutwe, maana kikibaki katika mrija kitaiziba hata impela mpya. Pili, nyumba ya pampu itazamwe ndani. Ikiwa imechimbika kwa mchanga, impela mpya haitavuta sawasawa. Tatu, kile kichuma kidogo kinachoifunga impela kwenye shafti kisisahauliwe, la sivyo shafti itazunguka peke yake. Nne, mapezi yalale upande ulio sawa, na shafti izungushwe kwa kuelekea kule inakozungukia siku zote, isirudishwe nyuma. Na injini iliyokwisha kupata moto kwa kukosa maji, impela yake itazamwe hata kama chanzo kilikuwa jani tu, maana ilizunguka kavu.

IKIWA MAJI YANATOKA, LAKINI INJINI NI YA MOTO

Hapa pana mambo mengine, nayo si ya kupuuza.

Thamostati. Injini nyingi zina mlango mdogo unaojifungua maji yakipata joto lake. Ukikwama, maji hayazunguki vizuri. Fundi huivua, akaitia katika kopo la maji, akayapasha moto. Ikiwa haifunguki kabla maji hayajachemka, imekufa. Wako wanaoitoa na kuitupa wakaendelea bila hiyo. Injini ya namna hiyo hukaa baridi mno, hula petroli nyingi na kujaa masizi.

Oili. Injini nyingi za viharusi viwili hulainishwa kwa oili iliyochanganywa na petroli. Kipimo cha injini nyingi ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, maana yake lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili. Injini mpya inapozoeshwa kazi, nyingi hutaka maradufu, yaani mililita 800 kwa lita 20. Kitabu cha injini yako ndicho chenye amri ya mwisho. Usipime kwa macho. Tafuta chupa yenye alama. Tena oili iwe ya injini za mashua zinazopozwa kwa maji, ambayo kopo lake huandikwa TC-W3, wala si oili ya motokaa. Anayepunguza oili ili apate faida ya shilingi chache huuza ng'ombe ili anunue kamba. Injini za viharusi vinne hazichanganyiwi oili. Hizo pima oili yake kwa kijiti kila asubuhi.

Petroli. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, katika injini isiyoundwa kwa ajili yake, huwaka vibaya, hugonga, na huongeza moto. Nunua mahali unapopaamini. Kabureta yenye uchafu nayo hupitisha petroli kidogo pamoja na hewa nyingi, na mchanganyiko wa namna hiyo ni mkali kwa pistoni.

Gasketi. Ukiona matone ya maji katika plagi, au mvuke mweupe usiokoma, yamkini gasketi ya juu ya silinda imetoboka. Mwachie fundi.

Mzigo. Injini ya nguvu za farasi 15 haiwezi kuwa ya 40 kwa kuongezewa mwendo. Ikisukuma mzigo uliozidi kipimo, mwendo wote ukiwa umefunguliwa, hupata moto ingawa maji yake ni tele.

NAMNA YA KUPAKIA MAZAO

Hili ni letu sisi wakulima kuliko manahodha, maana mara nyingi mwenye mzigo ndiye anayeamuru, kama nilivyofanya mimi.

Vitu vizito, kama magunia ya makopa na viazi, viwe katikati na chini. Vitu vyepesi na vinavyopondeka, kama nyanya na mananasi, viwe juu yake. Mzigo ukizidi mbele, nyuma huinuka na injini hunyonya hewa. Ukizidi nyuma, mawimbi huingia kwa nyuma na injini husukuma kama anayepanda ngazi. Chombo kilichopakiwa vema hukaa sawa. Simama ufukoni ukitazame kabla ya kuondoka. Petroli iwe katika chombo chake chenye kifuniko, mbali na chakula na mbali na mvuta sigara. Hivyo hutalazimika kukimbiza mzigo wako mbele kama mimi.

Mnapoondoka ufukoni msiwashe injini penye maji haba. Rafadha huchimbua mchanga, na pampu huunyonya. Inueni injini, sukumeni chombo kwa pondo au makasia hadi maji yafike kiunoni, ndipo mwashe. Fanyeni hivyo hivyo mnaporudi.

USIKU NA UPEPO

Kwa desturi, katika ukingo wetu huu wa kusini, mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Dhoruba zaweza kuibadili kanuni hii, lakini siku nyingi ndivyo ilivyo. Basi fahamu maana yake. Injini ikifa alasiri, yamkini utaletwa ufukoni, kama tulivyoletwa sisi. Ikifa usiku wa manane, nawe umeondoka mapema ili uwahi soko la alfajiri, utachukuliwa kuelekea katikati ya ziwa. Ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Usitegemee kwamba mtu atakuona.

Kwa hiyo kila chombo kiwe na makasia mawili au zaidi, nanga yenye kamba ndefu, kopo la kukumbia maji, taa, na jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu, nalo livaliwe, lisikaliwe kama mto. Simu itiwe katika mfuko usiopenya maji. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Mwambie mtu wa ufukoni saa unayoondoka na mahali uendako, ili akujue ukichelewa.

UTUNZAJI USIO NA GHARAMA KUBWA

Kila siku: safisha matundu ya maji, tazama rafadha kama haikuzungukwa na uzi wa wavu, na utazame uzi wa maji injini inapowashwa.

Kila ulipopita penye tope: itie injini katika pipa la maji safi, kwa taratibu ile niliyoitaja, ukaiache izunguke dakika chache.

Kila mwaka mara moja, au mara mbili ukifanya kazi penye mchanga mwingi: impela itazamwe. Weka impela moja ya akiba iliyo ya injini yako hasa, usikubali ile inayokaribia kufanana. Bei yake, ukiilinganisha na bei ya pistoni na silinda, ni kama bei ya debe la viazi mbele ya bei ya fahali.

Mkiwa wakulima kadhaa mnaotumia chombo kimoja, kila safari tengeni fedha kidogo kwa ajili ya impela na oili, akae nazo mtu mwaminifu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa injini hujengwa kwa fedha nyingi.

KWA UFUPI

1. Utazame uzi wa maji kila mara.
2. Ukikatika, punguza mwendo. Usiporudi, zima.
3. Usiimwagie injini ya moto maji ya baridi.
4. Tafuta chanzo kuanzia nje: matundu, tundu la kutemea, urefu wa injini, kisha impela.
5. Pima oili kwa chupa yenye alama, usipime kwa macho.
6. Mzigo mzito katikati na chini.
7. Usisafiri bila makasia, nanga na jaketi za kuokolea maisha.

Nami naongeza jambo la nane, lisilo katika kitabu chochote cha injini. Nahodha akikuambia kwamba injini haitemi maji, hata akiwa kijana mdogo kuliko mwanao, na hata ukiwa na haraka kubwa kiasi gani, mwambie, "Vema, mwanangu, zima tutazame." Maneno hayo yangaliniponyea vipando vyangu, makopa ya mama yule, na injini ya kijana ambaye hakuwa na shamba jingine.

Nakutakia safari njema na soko jema.

Ni mimi,
Bwana Shamba wako